Bure Si Takataka, na Bure Si Huria

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi. Samahanini. Si uvivu, ni gazeti. Mwenzetu mmoja wa dawati yuko likizo, mimi nimebebeshwa kurasa zake, na nikirudi Sinza usiku nguvu inayobaki ni ya kuvua viatu tu. Leo nilipanga kuandika mambo mengine kabisa, lakini kuna jambo la Jumamosi iliyopita limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisipolitoa hapa sijui nitalitoa wapi.

Nina rafiki tuliyesoma naye Mlimani. Alisomea uhasibu, leo yuko ofisi moja ya mjini, lakini moyo wake haujawahi kukaa kwenye vitabu vya hesabu. Moyo wake uko angani. Anaweka akiba ili siku moja aende chuo cha urubani, na wakati anasubiri anaruka kwenye kompyuta. Ana simuleta ya ndege, ana usukani wa mezani na pedali za miguu, na mwaka jana akanunua miwani ya uhalisia pepe ya mtumba, ile vijana wanaiita miwani ya VR. Unaivaa, chumba cha Tabata kinapotea, unajikuta umekaa ndani ya Cessna pale uwanja wa Julius Nyerere. Ukigeuza shingo kushoto unaliona bawa. Ukiinama unaiona mishale ya vipimo. Si mchezo.

Tatizo lilikuwa moja. Picha ilikuwa inakwama. Akigeuza kichwa, dunia inachelewa kumfuata, halafu inamfuata kwa mshtuko, kama daladala lililokanyaga breki ghafla. Dakika kumi tu, jasho jembamba, kichefuchefu, miwani chini. Mimi mwenyewe nilijaribu siku moja, sikufika hata Chumbe. Nilifika msalani.

Basi Jumamosi akanipigia: "Kaka, nisindikize Kariakoo." Nikamuuliza kuna nini. Akasema anakwenda kununua kadi mpya ya grafiki, shilingi 3,200,000, na hela anakopa kwenye chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwake. Fomu ameshajaza, mdhamini mmoja ameshasaini. Wa pili alitaka niwe mimi ningekuwa mwanachama, ashukuriwe Mungu si mwanachama. Nani kamshauri? Muuza duka. Alimwambia: "Bosi wangu, hii mashine yako imezeeka, hapa hakuna dawa, ni kubadilisha tu."

Hakuna dawa! Mtu hajaigusa mashine, hajaiwasha, hajauliza inaendesha nini, ameshatoa cheti cha kifo.

Nikamuuliza rafiki yangu swali moja tu: "Ulipima?" Akaniangalia kama nimemuuliza kama amepima malaria. "Kupima nini?"

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, ndugu msomaji. Sisi watu wa mjini, wenye shahada, tunaosoma magazeti kwenye simu na kubishana siasa mpaka usiku wa manane, tukifika kwenye kompyuta tunakuwa kama mgonjwa anayenunua dawa kwa kuangalia rangi ya boksi. Hatupimi. Tunaambiwa "nunua" tunanunua. Tukiambiwa kuna programu ya bure inayoweza kusaidia tunacheka, kwa sababu tumeshajifundisha kwamba cha bure hakina thamani. Leo nataka nibishane na kicheko hicho.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu tutabaki kupiga soga. Miwani ya rafiki yangu inabadilisha picha mara 72 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 72, unapata milisekunde 13.9. Ndani ya muda huo kompyuta inatakiwa ichore dunia nzima si mara moja bali mara mbili, jicho la kushoto na jicho la kulia, kila moja kutoka pembe yake. Miwani ya mara 90 kwa sekunde inakupa milisekunde 11.1 tu. Chukua HP Reverb G2, ambayo wapenzi wengi wa simuleta waliipenda: kila jicho lina pikseli 2160 kwa 2160. Macho mawili ni zaidi ya pikseli milioni 9.3, mara nne na nusu ya skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Na bado, kwa sababu ya lenzi zinazokunja picha, kompyuta huchora picha kubwa kuliko hiyo ndipo ikunjwe ikae sawa.

Kwenye skrini ya mezani fremu ikichelewa unakunja uso tu. Ndani ya miwani, fremu ikichelewa ubongo unaambiwa mambo mawili yasiyopatana: sikio la ndani linasema kichwa kimegeuka, jicho linasema bado. Tumbo ndilo linalolipa deni. Kwa hiyo "kuboresha kasi" hapa si mbwembwe za vijana wa michezo. Ni tofauti kati ya kifaa kinachotumika na kifaa kinachokutapisha.

Sasa, nani anayechelewesha fremu? Wako watuhumiwa wawili. Prosesa, ambayo inahesabu ndege, hewa, magari, mawingu, na kupanga kitu gani kichorwe. Na kadi ya grafiki, ambayo inachora. Mmoja akichelewa, mwingine anakaa anamsubiri. Kama anayechelewa ni prosesa, hata ukinunua kadi ya milioni kumi, itakaa pembeni inapunga upepo ikisubiri kazi. Hili halihitaji shahada. Fundi wa gereji ya Ilala analijua: hubadilishi injini wakati mpira ndio umeisha upepo.

Tukaenda Tabata badala ya Kariakoo. Kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020 kuna sehemu ya watengenezaji ambayo ukiiwasha inakuonyesha kila fremu inachukua milisekunde ngapi upande wa prosesa na ngapi upande wa kadi. Ni bure, imo humo humo, rafiki yangu alikuwa nayo siku zote. Tukaiweka ndege uwanjani Dar, injini inaunguruma, tukasoma. Prosesa: milisekunde 38. Kadi: milisekunde 21.

Mnaelewa maana yake? Kadi ile "iliyozeeka" ilikuwa inamaliza kazi yake karibu nusu ya muda, halafu inasubiri. Yule muuza duka alikuwa tayari kumuuzia mwenzetu, kwa mkopo wa miezi 24, dawa ya ugonjwa ambao pale uwanjani hakuwa nao.

Tukafungua mipangilio. Jamaa alikuwa ameweka umbali wa kuonyesha ardhi kwa undani hadi 200, na ndege nyingine za bandia zimejaa uwanjani kama Ubungo enzi za stendi. Tukaushusha umbali hadi 100, tukaziondoa zile ndege. Prosesa ikashuka hadi milisekunde 25. Siku hizi ipo hata programu huria inaitwa MSFS AutoFPS ambayo inafanya kazi hiyo yenyewe: ukiwa chini inapunguza undani wa mbali, ukipanda juu inauongeza. Mtu kaiandika, kaiweka hadharani na msimbo wake. Bure.

Tukaruka. Njia 05, tukapita juu ya jiji, tukatoka baharini. Juu ya maji kila kitu shwari. Tulipofika Unguja na kushuka chini juu ya Mji Mkongwe, mambo yakageuka: sasa kadi ndiyo iliyokuwa inahema, milisekunde 33. Basi tukaingia kwenye dawa ya pili, na hii ndiyo hasa iliyonifanya nikae kuandika.

Kuna kifurushi kinaitwa OpenXR Toolkit. Kimeandikwa na mhandisi mmoja, Matthieu Bucchianeri, kwa muda wake mwenyewe, kikatolewa kwa leseni ya MIT, ambayo kwa lugha ya mtaani inasema: chukua, tumia, fungua, badilisha, gawa, usifute tu jina la mwenyewe. Kinakaa katikati ya simuleta na miwani. Kinaiambia simuleta: chora picha ndogo kidogo. Halafu chenyewe kinaikuza ile picha kwa ustadi na kuinoa kingo kabla ya kuipeleka machoni. Ukichora asilimia 75 ya upana na asilimia 75 ya urefu, pikseli unazochora kwa kweli ni asilimia 56 tu. Karibu nusu ya mzigo umeutua, na jicho kwa sehemu kubwa halijui.

Kina na ujanja wa pili, nao unategemea udhaifu wa jicho lenyewe. Jicho la binadamu linaona kwa ukali kamili sehemu ndogo sana ya katikati. Pembeni tunaona ukungu, ila ubongo unatudanganya kwamba tunaona kote. Sasa ya nini kuchora pembeni kwa ukali uleule? Kwa kadi zinazoweza, yaani za Nvidia za kizazi cha 2018 na kuendelea na za AMD kuanzia familia ya RX 6000, kifurushi kile kinaweza kuagiza katikati kuchorwe kwa ukamilifu na pembeni kwa ukarimu mdogo. Miwani ya bei mbaya inafuata mboni ya jicho na kuhamisha ukali kule unakotazama. Miwani ya mtumba inabaki kudhani unatazama mbele. Rubani muda mwingi anatazama mbele.

Kadi ikashuka kutoka milisekunde 33 hadi 23. Tukaifunga simuleta kwenye fremu 36 kwa sekunde, nusu kamili ya 72, tukaiacha miwani ijaze fremu za katikati kwa kukisia mwendo. Kila fremu sasa ilikuwa na milisekunde 27.8 za kumalizika, na pande zote mbili zilikuwa chini ya hapo. Rafiki yangu akaenda Unguja, akageuka juu ya bahari, akarudi Dar, akatua. Alivyotua sitasema, ningekuwa abiria ningeomba nauli yangu. Lakini hakutapika. Saa moja na dakika tano ndani ya miwani, na alipoivua alikuwa anacheka kama mtoto.

Gharama: bando la intaneti na uniti za LUKU.

Sasa turudi kwenye kicheko. Nilipomsimulia mwenzangu mmoja wa chumba cha habari, akasema: "Hivyo vitu vya bure ni vya watu wasio na hela. Kampuni kubwa zinalipa wahandisi, hao wa bure ni akina nani?" Nilimjibu kwa kirefu, na majibu yenyewe ni haya.

Kile kifurushi hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2019 kundi la kampuni linaloitwa Khronos lilitoa toleo la 1.0 la OpenXR, kanuni ya wazi ya jinsi programu inavyoongea na miwani. Kanuni hiyo inaruhusu mtu wa tatu kuweka tabaka lake katikati, bila kuomba ruhusa ya mwenye simuleta wala mwenye miwani. Mwaka 2021 AMD wakatoa mbinu yao ya kukuza picha, FSR, na msimbo wake wakauweka hadharani kwa leseni ya MIT. Mwaka huohuo Nvidia nao wakafungua ya kwao ya kukuza na kunoa picha, NIS. Mhandisi mmoja akakaa chini usiku, akaziokota zile mbili, akazipitisha kwenye ule mlango uliokuwa wazi, akazipeleka kwa kila mwenye miwani.

Angalia huo mnyororo. Kanuni ingefungwa, asingekuwa na pa kuingilia. Msimbo wa kukuza picha ungefichwa, asingekuwa na cha kuingiza. Watu wa kampuni kubwa walikuwepo, tena wanalipwa vizuri, na Microsoft Flight Simulator ilipata uhalisia pepe Desemba 2020. Lakini waliokuja kuwapa watu wenye mashine za kawaida nafasi ya kurekebisha na kupima wenyewe, vidole vyao vikiwa kwenye kila kitufe, walikuwa hao "akina nani". Kwa waliokuwa kwenye X-Plane 11, ambayo ilitumia kanuni ya OpenVR, kulikuwa na OpenComposite, programu huria iliyowaruhusu kuipita SteamVR na kwenda moja kwa moja kwenye OpenXR. Nayo ni ya "akina nani" haohao.

Mwenzangu akaleta hoja ya pili, na hii ina nguvu kidogo. Akasema kampuni nazo zinatoa vitu vya bure. DLSS ya Nvidia imo kwenye simuleta, hulipii zaidi. Kweli. Tena ni nzuri, ingawa marubani wa mezani wanalalamika kwamba tarakimu zinazobadilika kwenye skrini za chumba cha rubani huacha kivuli nyuma yake. Lakini hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia, kama tukikisikiliza. Sisi tuna neno "bure" na tuna neno "huria". Si neno moja. Bure ni habari ya mfuko wako. Huria ni habari ya nani ana ufunguo.

Mfano uko wazi kwa kila anayetaka kuuona. Windows Mixed Reality, mfumo ulioendesha ile HP Reverb G2 na ndugu zake, haukuwa unalipiwa. Ulikuja na Windows. Bure kabisa. Desemba 2023 Microsoft wakatangaza kwamba wanauacha. Windows 11 ya toleo la 24H2 ilipotoka mwaka 2024, mfumo ule haukuwemo tena. Miwani nzima nzima, lenzi safi, waya safi, haijadondoka wala kuingia maji, ikageuka kuwa kitu cha kuzuia mlango kwa kila aliyekubali toleo hilo. Hakuna kilichoharibika ila ruhusa. Ndiyo maana ya kutumia cha bure ambacho si huria: umekaa nyumba usiyoilipia kodi, lakini siku mwenye nyumba akibadili kitasa huna wa kumlalamikia.

Na nani aliyekuja na kamba ya kuokolea? Mwaka 2025 Bucchianeri yuleyule, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye huo huo Windows Mixed Reality, alitoa draiva ya bure inayoitwa Oasis, inayozifufua zile miwani kupitia SteamVR kwa wenye kadi za Nvidia. Nampigia makofi. Lakini sitawadanganya kwa sababu nampenda: Oasis ni bure, si huria. Msimbo wake hakuufungua. Kwa hiyo hata mwokozi wetu hapo ametukabidhi zawadi, hakutukabidhi ufunguo. Kwa upande wa Linux iko Monado, mfumo huria wa OpenXR ulioanzishwa na watu wa Collabora, na humo watu wa kujitolea wameandika hata draiva za miwani za Windows Mixed Reality. Haina ulaini wa kile cha dukani, itakusumbua, utasoma maelezo mpaka macho yaume. Lakini hakuna mkutano wa bodi popote duniani unaoweza kuamka Jumatatu ukaizima.

Nisije nikaonekana mhubiri. Programu huria haifanyi miujiza. Ukikuza picha ndogo, herufi kwenye vipimo zinapoteza ukali kidogo, na kwa mtu anayejifunza kusoma vipimo hilo si dogo. Sisi tuliishia asilimia 75 baada ya kujaribu 65 na kukuta namba za redio hazisomeki. Kama prosesa yako imechoka kwelikweli, hakuna kukuza picha kutakakoisaidia. Na iko siku kadi mpya itakuwa ndiyo jibu sahihi. Mimi sikatai watu kununua. Nakataa watu kukopa kabla ya kupima.

Na kuna ukweli mwingine mchungu zaidi. OpenXR Toolkit haiendelezwi tena. Mwenyewe ameshasema wazi. Inafanya kazi kwa simuleta ya 2020 tuliyonayo, lakini msije mkailazimisha kwenye mambo mapya, ikagoma, mkamrushia mtu matusi. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, usiku, baada ya kazi yake ya mkate. Watu wakaipakua. Wangapi walisema asante? Wangapi waliandika taarifa ya hitilafu yenye maelezo ya kueleweka, badala ya "haifanyi kazi, rekebisha"? Wangapi walijifunza ule msimbo ili siku akichoka wampokee? Msimbo bado uko pale, leseni inaruhusu yeyote auchukue aendelee nao. Huria inakupa haki ya kuchukua jembe. Kulima ni juu yako.

Hapa sasa najigeuzia kidole mwenyewe, na wewe msomaji nawe usijifiche nyuma ya mlango. Sisi hatukuwa wageni wa mambo haya. Mwaka 2004, pale Mlimani, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, juu ya programu huria. Ndiyo, 2004, wakati wengine tulikuwa bado tunavaa kaptula za shule. Watu walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Leo ingia ofisi yoyote ya mjini, uliza programu za kwenye kompyuta zimetoka wapi. Fundi kaja na diski yake, kachomeka, kachakachua, kachukua elfu ishirini yake, kaondoka. Halafu mtu anayetumia programu ya kuibwa, iliyojaa virusi, ndiye anayekuambia programu huria ni za maskini. Anadharau zawadi aliyopewa kwa heshima, anatukuza mali aliyoinyang'anya. Ebo!

Mhariri wangu aliposikia nayaandika haya aliuliza: "Lakini hii si michezo ya watoto wa wazito? Nani ana miwani hiyo Mbagala?" Swali halali. Jibu langu ni kwamba mwaka 2021 wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, EASA, uliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha mafunzo ya urubani kinachotumia uhalisia pepe, cha kampuni ya VRM Switzerland, kwa helikopta ya Robinson R22. Kwa hiyo walio makini wameshaacha kuviita vitu hivi michezo. Ni kweli, saa unazoruka chumbani Tabata hazihesabiwi kwenye leseni yoyote, rafiki yangu analijua hilo. Lakini macho yaliyozoea kuzunguka vipimo kwa mpangilio, mkono unaojua swichi iko wapi bila kutazama, kichwa kinachojua Unguja iko upande gani ukitoka Dar, hivyo havipotei. Mtoto wa mzito hana haja ya makala hii, atanunua kadi mpya na chuo juu yake. Hesabu ya milisekunde ni ya yule ambaye tofauti ya mtumba unaofanya kazi na mtumba unaotapisha ndiyo tofauti ya kuendelea kuota au kuacha.

Basi nasema hivi. Muuza duka akikuambia "hakuna dawa", mwambie akuonyeshe kipimo. Kabla ya kutoa hela, pima nani anachelewa. Kabla ya kusakinisha chochote, soma leseni, ujue umepewa zawadi au umepewa ufunguo. Na ukishafaidika, rudisha kitu. Huna hela ya kuchangia, ripoti hitilafu. Hujui kuandika msimbo, tafsiri maelezo kwa Kiswahili. Hujui hilo nalo, mfundishe jirani. Wale wanaotaka kuanza na kitu kilicho huria kuanzia magurudumu hadi mkia, FlightGear ipo, imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na siku hizi wanajaribu kuiingiza kwenye uhalisia pepe kwa OpenXR hiyohiyo. Haipendezi kama ya dukani. Ila ni yako.

Rafiki yangu Jumatatu alikwenda kazini akaichana ile fomu ya mkopo. Akiba yake ameigusa kidogo tu, amekwenda kumwona daktari anayepima afya za marubani, maana bila cheti kile chuo hawakupokei. Macho mazima, moyo mzima. Nimefurahi kuliko yeye.

Nikamwambia, sasa na wewe rudisha kitu. Wakati tunaruka tuligundua kosa dogo kwenye AutoFPS, tukapiga picha ya skrini, tukaandika namba zote kwenye karatasi. Nikamwomba aiandikie taarifa, aya mbili tu, awatumie wenyewe. Akanijibu: "Kesho, kaka."

Leo ni Alhamisi. Karatasi iko kwangu, hapa pembeni ya kikombe cha chai. Mpaka Jumamosi kama hajaandika, nitaandika mimi, na jina lake nitaliweka chini ili aone aibu.

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu na mhariri wakipenda.